Alinivunja Kidole Ili Niizime Programu

Ngumi ya kwanza ilinipata mdomoni. Ya pili sikuiona kabisa…

"Izime! Nimesema izime, Nayibe!"

Jamani, aliyekuwa ananipiga si jambazi. Ni Mzee Evelio, mtu aliyenifundisha kazi, aliyekuwa akiniletea kahawa na kuniita binti yangu!

Tulikuwa mjini Cali, kwenye kituo cha simu za dharura. Ukipiga, seva yetu, ile kompyuta kuu, ndiyo inayotambua ulipo na kukutafutia ambulensi. Siku ya mechi ya watani wa jadi simu hufurika, na miaka yote mzee ndiye aliyekuwa akiirekebisha seva kwa mkono: aongeze kumbukumbu huku, apunguze mzigo kule.

Mimi nimetoka chuo juzi tu. Nikaandika programu inayofanya marekebisho hayo yenyewe, kufuatana na jinsi simu zinavyoingia. Mkurugenzi akaipenda. Siku hiyo ya mechi, seva ilikuwa inakimbia ajabu.

"Mzee, watu watakufa!"

"Wacha wafe wawili watatu! Mkurugenzi ajue bila Evelio hapa hakuna kituo!"

Akakamata kidole changu, akakipinda kinyumenyume… kikalia ko!

Nililia kama mtoto. Nikaandika nywila kwa mkono uliobaki.

Akaizima programu, akarudisha mipangilio ya siku za simu chache, akafunga mlango kwa ufunguo.

Chumba cha pili kelele zikaanza.

"Skrini imeganda!"

"Ramani haiji! Huku mtu anavuja damu!"

Mzee akatabasamu. "Subiri. Sasa hivi watakuja kunibembeleza."

Kweli, mlango ukagongwa. Marleny, mpokea simu.

"Mzee Evelio! Fungua!"

"Semeni kwanza, fundi hapa nani?"

"Mzee, ni Yeiner wako! Amepita na jezi mtaa wa wapinzani, wamemchoma visu! Rafiki yake analia kwenye simu, hajui wako wapi!"

Mwanawe wa pekee!

Mzee akarukia kibodi. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Alikosea kila herufi, hata amri moja haikukubali.

"Binti yangu… iwashe. Nakupigia magoti."

Damu ilinijaa mdomoni. Ningeweza kumtemea usoni.

Nikaiwasha.

Seva ikajipanga upya, ramani ikafunguka, ambulensi zikatoka mbio.

Yeiner alipona, ingawa walimtoa wengu. Baba yake yuko gerezani.

Lakini kwenye foleni ile iliyoganda alikuwemo mtu mwingine, aliyepasuliwa kichwa kwa chupa. Aliitwa Luz Dary. Alikuwa akiuza maembe mabichi ya chumvi nje ya uwanja. Ambulensi ilimkuta ameshapoa…

Ndugu zangu, ukihisi kazi yako inachukuliwa, gombana na mkubwa wako. Goma. Lia. Dai haki yako mchana kweupe, na mimi nitasimama nawe.

Ila usimlipishe aliyelala chini, simu sikioni, akisubiri msaada.