Mama Mkwe Alitufuata kwa Miguu

Nilitoka gesti jua likizama, kwenda kununua dawa ya mbu. Duka lilikuwa ng'ambo ya barabara, hatua thelathini tu. Mume wangu nilimwacha kibarazani anajikung'uta mchanga miguuni huku anaimba. Miaka kumi na miwili ya ndoa, na hiyo ndiyo ilikuwa likizo yetu ya kwanza: siku tano, gari letu wenyewe, tukizunguka miji na vijiji vya pwani. Huo ulikuwa mji wa pili.

Simu yangu ikaita. Alikuwa mwenye gesti ya mji wa kwanza, tuliyoiacha asubuhi.

"Dada, mmesahau taulo," akasema. "Halafu mama yenu amefika. Mmepishana naye."

"Mama gani?"

"Mama wa huyo bwana. Wamefanana mno. Anatembelea mwavuli mweusi kama fimbo. Alikaa hapa mlangoni, akauliza mmeelekea wapi. Nikamwambia."

Nikakata simu bila kuaga.

Mama mkwe alikuwa na mwavuli mweusi. Aliutumia kama fimbo, kweli... enzi zile anatembea. Lakini miguu yake ilikuwa imegoma miezi sita sasa. Tulimwacha kitandani nyumbani, mikononi mwa wifi yangu, mwendo wa siku nzima kwa gari.

Na si hilo lililonitoa jasho.

Jana yake, mume wangu akiwa majini anaogelea, simu yake ilikuwa mkobani mwangu. Ujumbe wa wifi ukaingia. *Mama amezidiwa. Anakuita wewe tu. Rudini leo.*

Niliusoma mara mbili. Nikaufuta. Nikaifungia namba ya wifi kwenye simu ya mume wangu, kisha kwenye yangu.

Ni kweli bi mkubwa alikuwa ametuaga mara tatu mwaka ule. Mara tatu tulikimbia, mimi nikiacha cherehani na nguo za watu, mume wangu akiacha friji za watu zimefunguliwa, tukamkuta ameketi analalamika chai imepoa. Mume wangu mwenyewe alikuwa akitania kwamba mama yake hufa kila watu wakipanga safari. Lakini nisijitetee. Wifi yangu si mtu wa kutia chumvi, na ujumbe ule haukufanana na zile nyingine. Nililijua hilo wakati kidole changu kikibonyeza. Nilizitaka siku zangu tano.

Nilirudi gesti bila dawa ya mbu.

"Nani alikupigia?" mume wangu akauliza.

"Mwenye gesti ya jana. Tumesahau taulo."

"Taulo tu?"

"Taulo tu."

Kesho yake tuliondoka saa nne. Saa sita tulisimama kujaza mafuta, na simu ikaita tena. Safari hii alikuwa mwenye gesti ya mji wa pili, mama wa makamo ambaye jana yake alikuwa akicheka kwa sauti mpaka nje. Sasa alikuwa ananong'ona.

"Mwanangu, kuna mama mmoja alikuja kuwaulizia. Mlitoka tu, naye akaingia. Vumbi mpaka magotini. Nikampa kiti, hataki. Nikampa maji, hataki."

Akashusha sauti zaidi.

"Mwanangu... yule mama anapumua kweli?"

"Usimwambie tunakokwenda," nikanong'ona.

"Hakuuliza. Alisema anajua."

Mume wangu alikuwa anafuta kioo cha mbele. Akanitazama. "Mbona midomo inakutetemeka?"

"Baridi," nikasema. Jua lilikuwa la utosi.

Ningeweza kusema pale pale. Maneno mawili matatu: mama ni mgonjwa, tugeuze gari. Lakini angeniuliza nimejuaje.

Tulifika kijiji cha mwisho jua likielekea kuzama. Gesti ilikuwa na ghorofa moja, ngazi za mbao, na chumba chetu kilitazama bahari. Mume wangu akajitupa kitandani. Nikashuka kulichukua begi lililobaki garini, nikasimama kidogo kwenye ule mchanga mweupe, nikivuta pumzi. Niliporudi, giza lilikuwa limeanza kuingia. Binti wa mapokezi akaniwashia taa ya ngazini, akatabasamu.

"Mama amefika salama," akasema. "Nimeshamwonyesha chumba."

Begi likaniponyoka.

Nilipanda ngazi moja moja. Kabla sijafika juu, nikaisikia harufu. Dawa ya kuchua. Ile ile niliyokuwa nikimpaka miguuni kila jioni, nikiwa na haraka, nikitazama pembeni.

Kisha mlio, kwenye sakafu ya mbao.

Tok...

Tok...

Kimya.

Mlango ulikuwa wazi. Mume wangu alikuwa amelala ubavu, uso ukutani. Kwenye kiti cha dirishani aliketi mtu, mgongo wake kwangu, akiitazama bahari. Nyayo zake zilikuwa zimevimba na kupasuka.

"Mkwe wangu," akanong'ona bila kugeuka. "Niliita."

Nikasimama pale pale kizingitini.

"Niliita sana. Nikaona hamsikii. Nikaja mwenyewe."

"Mama... nisamehe."

"Si mimi wa kuombwa." Mkono wake ukainuka taratibu, ukaelekea kitandani. "Mwambie."

Nilimtazama mume wangu. Bega lake lilipanda na kushuka. Nikafungua mdomo. Na hata pale, mbele ya yule mtu, nikawaza: akijua, ataniacha.

Nikaufunga.

Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu. Chini yake palibaki alama mbili za nyayo, za vumbi jekundu. Nilipiga magoti nikazifuta kwa mtandio wangu mpaka sakafu ikang'aa. Kisha nikaifungua namba ya wifi kwenye simu zote mbili. Ndipo nikamwamsha mume wangu, nikamwambia nimeota vibaya, tupige simu nyumbani.

Mama alikuwa amefariki siku ile ile ya ujumbe, jioni, akimwita. Walisubiri siku moja, wifi akachoka kutupigia. Walimzika asubuhi ile, bila mwanawe. Wifi aliuliza kwa nini hatukupatikana. Nikasema mtandao wa pwani ni mbovu.

Nilivumilia miezi saba. Jumapili moja nikamfuata mume wangu uani, ameinamia friji ya mteja, nikamwambia yote. Hakuacha kukaza skrubu.

"Najua," akasema. "Sikuwa nimelala siku ile. Alikuja kwangu kwanza, wewe ukiwa chini kwenye gari. Akanieleza ulichofanya, akaniambia nifumbe macho, nisikilize utakachosema."

"Alisema nini kingine?"

Akaweka bisibisi chini. Akanitazama bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Alisema neno moja, linahusu siku zako zilizobaki. Hilo, mke wangu, na mimi nimelifuta."

Bado tunaishi pamoja. Tunakula sahani moja. Lakini siku nyingine nikishtuka usingizini, namkuta amekaa ananitazama, midomo inacheza polepole kama mtu anayehesabu. Nikimuuliza anahesabu nini, ananifunika shuka na kuniambia nilale.