Likizo ya Moja kwa Moja

Mama Pacha alikuwa mpiga pasi wa hoteli. Shuka ikipita mikononi mwake, hata nzi akitua anateleza. Lakini miguu ilikuwa imechoka, na binti yake alikuwa amejifungua. Akataka likizo akamwone mjukuu.

Meneja alikuwa mgeni, Kiswahili anakiokotaokota. Mama Pacha naye Kiingereza chake kilikuwa cha kuazima. Akamwendea, akajikaza.

"I want to leave."

Meneja akanywea. Akamshika mikono yote miwili. Jioni wenzake wakamletea keki. Mpishi alilia mpaka kofia ikadondoka.

Mama Pacha akarudi nyumbani anachekelea.

"Baba Pacha, kumbe napendwa. Likizo tu, wamenililia kama nimekufa. Na kesho anakuja mtu wa kushika pasi yangu."

"Wa muda?"

"Wa kudumu, wanasema."

Mumewe akaacha kutafuna. Jirani yao, mwalimu wa Kiingereza, alikuwa amekuja kuomba chumvi. Akaiweka chini.

"Shoga, ulimwambia nini hasa?"

Akamwambia.

"Basi umeacha kazi."

"Nani, mimi? Nimeomba likizo."

"Sikiliza. 'Leave' peke yake ni likizo. Unasema, 'I want leave.' Ukiitanguliza 'to', inageuka kuondoka. 'I want to leave' ni nataka kuondoka, kwaherini. Na ukitaka siku moja tu ya kupumzika, omba 'a day off'."

"Kaneno kama punje ya mtama, kanamfukuza mtu mwenye unene huu?"

"Pilipili nayo ina ukubwa gani? Haya, rudia."

Akarudia akiosha vyombo. Akarudia akitandika kitanda, mpaka mumewe akaziba masikio kwa mto.

Asubuhi akawahi kazini kabla ya mpiga pasi mpya.

"Bosi, I want leave. I don't want to leave."

Meneja akafikiri kidogo. Kisha akacheka mpaka akakalia kapu la nguo chafu. Likizo ikatoka, kazi ikabaki. Mpiga pasi mpya naye akapewa mapazia.

Siku ya kuondoka, meneja akataka kumuaga kwa Kiswahili. Akasimama wima, mkono kifuani.

"Mama Pacha, pumzika kwa amani."

"Bosi," akasema Mama Pacha, "mtu wa likizo huambiwa 'pumzika vizuri'. Hiyo nyingine iweke. Nikifa nitakuarifu."