Bi Vitisho na Jini wa Chini ya Meza

Karatasi alizoziacha mezani zikiwa kavu, mwandishi alizikuta zimelowa chapachapa, na maji yenyewe yalinuka nywele zilizoungua. Akazianika juu ya kiti, akaendelea na kazi. Alishatoa vitabu kumi na vinne vya majini, na mkoa mzima ulimjua. Kina mama sokoni walimwita Bi Vitisho. Walimlaumu kwa kuwanyima watoto wao usingizi, kisha wakamuuliza kitabu kipya kinatoka lini.

Cha kumi na tano kilihusu jini wa kike anayeziba watu midomo. Alipofika katikati, mambo yakaharibika. Kila adhuhuri mdogo wake, aliyekuwa akiishi naye, alisikia kucha zikikwaruza chini ya meza ya kuandikia, na akiinama kutazama haoni hata panya.

Siku ya tano, jua likiwa la utosi na mafundi wa mtaani wakigonga mabati yao, mwandishi alihisi baridi ikimwingia vidoleni, ikapanda taratibu hadi kiwikoni, ikatulia begani kama mtu aliyemwegemea, na sauti nyembamba, iliyofanana na yake mwenyewe hata akadhani anawaza, ikamwambia sikioni aache kuandika habari zisizomhusu, na alipotaka kuinua kalamu akauona mkono wake wa kulia umelala juu ya karatasi kama wa maiti, haumsikii tena.

Mdogo wake alimwita mganga, mzee mpole mwenye miwani minene. Akafukiza chumba, akasikiliza kwa muda mrefu, akawaeleza kwamba jini amekubali kuondoka na kuurudisha mkono, ila vitabu vyote vichomwe na mwandishi asishike kalamu tena.

"Dada, tuvichome," mdogo wake alinong'ona. "Nakuomba. Utapata kazi nyingine."

Mwandishi alimkumbuka mwalimu mkuu aliyeichana hadithi yake ya kwanza mbele ya darasa, na mume aliyemwambia achague, kalamu au ndoa. Alikumbuka pia wachapishaji wa mji mkuu waliomrudishia miswada bila hata kuifungua bahasha. Hao wote walimkataza bila kujificha.

"Mwambie nimeshakatazwa na wanaojua kukataza," akamwambia mganga. "Sichomi hata ukurasa."

Mganga akafunga mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Mwandishi akahamishia kalamu mkono wa kushoto. Herufi zilipinda kama za mtoto wa darasa la kwanza, na ukurasa mmoja ulimla siku nzima. Kucha zilikwaruza, harufu ikamkaba koo, ile sauti ikatisha, ikabembeleza, ikalia. Naye kila alipomaliza sentensi aliisoma kwa sauti, taratibu, ili aliyeko chini ya meza asipitwe na neno. Miezi minne baadaye kitabu kikaisha, kikachapwa, kikasomwa mkoa mzima. Mkono wa kulia haukupona.

"Dada," mdogo wake akauliza kwa woga, "ameondoka?"

Mwandishi alitazama kona ya chumba, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Yupo. Ila siku hizi anakaa mbali nami."

Akavuta karatasi nyeupe, akaanza cha kumi na sita.