Gramu Tano za Uongo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Injinia aliwapima vifaranga thelathini wa mama yake. Jina hilo alibandikwa na kaka yake siku alipounganisha mizani ya kidijitali na kompyuta ndogo kwa kebo. Skripti aliyoandika, yaani maagizo mafupi kwa kompyuta, iliiuliza mizani uzito na kuujaza kwenye jedwali. Mama alilitegemea jedwali hilo kumjua kifaranga asiyekua, amtenge na kumtibu mapema.

Tatizo ni kwamba mizani ilijibu pale tu kitu kilipotulia, na kifaranga kutulia ni kazi kwelikweli! Jedwali likajaa mapengo. Kwa kuogopa kuchekwa, Injinia aliongeza mstari mmoja kwenye skripti: mizani isipojibu, chukua uzito wa jana, ongeza gramu tano. Mapengo yakaisha, na mama akamsifu mpaka akaona haya.

Jumamosi mama alimnyanyua kifaranga mwenye uzi mwekundu mguuni.

"Mbona huyu mwepesi hivi? Kompyuta yako inasema anakua!"

Injinia angeweza kuisingizia mizani. Lakini kifaranga alikuwa amelegea, macho nusu yamefumba, naye akaona aibu kubwa.

"Nisamehe, mama. Zile gramu tano nilizitunga mimi."

Mama alimweka kifaranga chini. "Wangapi wengine wako hivi?"

"Sijui."

"Basi leo tutajua."

"Injinia wa kubuni!" kaka yake alicheka, akatumwa maji.

Injinia aliufuta ule mstari, akaandika mwingine: mizani isipojibu, uliza tena, ikinyamaza mara kumi, andika "hajapimwa". Kisha akatafuta boksi dogo lenye kifuniko, akaliweka juu ya mizani na kuirudisha kwenye sifuri. Ndani ya giza la boksi vifaranga walitulia. Mpaka saa sita mchana walikuwa wamewapima wote, na wagonjwa wakawa watatu. Mama aliwatenga, akawapa dawa.

Jumatano, mwenye uzi mwekundu alikuwa ameongezeka gramu nne.

"Nne tu," Injinia alisema.

"Nne za kweli," mama alijibu. "Ningeona pengo, ningekuja kumwangalia mwenyewe. Ulipolijaza uongo, ulinifumba macho. Usipojua, mwanangu, sema hujui. Tutatafuta pamoja."