Mrija Wenye Taa

Kila asubuhi, kabla king'ora cha kiwanda hakijalia, Laurentine alikwenda bombani kuchota maji. Nyumba yao ilikuwa Kamalondo, mtaa wa Waafrika mjini Elisabethville, mji ambao siku hizi tunauita Lubumbashi. Akirudi aliwasha mbabula, jiko lao la makaa, akachemsha chai, kisha akafuta vumbi kwenye cherehani ya baba yake iliyokaa barazani. Baada ya hapo ndipo alipovaa sare na kwenda shuleni kwa masista.

Baba yake, Donat, alikuwa fundi wa kushona suruali. Wanaume wa Kamalondo walizivaa Jumapili kwa majivuno, hata wale ambao matumbo yao yalikuwa yamezizidi suruali zenyewe. Donat alizoea kuimba huku akikanyaga cherehani, na wateja walimtania kwamba wimbo wake ndio uliopindisha mshono. Lakini mwaka ule aliacha kuimba. Maumivu yalimkaa chini ya mbavu za kulia, homa ilimpanda kila jioni, naye akakonda hadi akafunga suruali yake mwenyewe kwa kamba.

Mwishowe mama alimpeleka hospitali. Laurentine aliwafuata akiwa amebeba mkeka na blanketi. Aliyewapokea ni muuguzi Gérard Kalaba, mtu mrefu, mpole, aliyejua kueleza mambo taratibu.

"Zamani tulikuwa tunapasua tumbo yote juu ya kutafuta ugonjwa," alisema. "Mugonjwa analala hapa siku mingi sana. Sasa munganga ametoka Ulaya na kintu ya mupya. Anakata kidogo tu karibu na kitovu, anaingiza hewa na sindano kusudi tumbo ijiinue, kisha anapitisha murija mwembamba wenye taa. Anachungulia maini yako na macho yake mwenyewe."

Donat alitabasamu kwa shida. "Ni vizuri. Hata mimi sikati kitambaa ya mutu mbele ya kuiangalia."

"Lakini kesho asubui usikule, usikunywe. Tumbo ikijaa, sindano inaweza kutoboa mahali pabaya."

Donat akalazwa siku hiyohiyo. Laurentine alirudi nyumbani akiwa na habari kubwa, na habari kubwa humwasha mtoto ulimi. Alipofika bombani jioni aliwasimulia wanawake waliokuwa wakingoja zamu: kuna mrija, una taa, unaingia tumboni mwa baba baada ya kupulizwa hewa.

Mama Mwape, jirani yao aliyekuwa akiuza maandazi, aliweka ndoo chini. "Murija? Wenye taa? Na wanamupuliza anavimba? Mutoto, hao njo batumbula!"

Wakati ule jina hilo lilitosha kufunga milango ya mtaa mzima. Watu walisimulia kwamba batumbula huwamulika watu kwa taa kali, huwakamata, huwanenepesha kama nguruwe, kisha huwapeleka wakaliwe na Wazungu. Hakuna aliyewahi kumwona hata mmoja, lakini kila mtu alikuwa na shemeji aliyemjua mtu aliyepotea. Laurentine alikuwa akiyasikia hayo tangu akiwa mdogo zaidi. Sasa taa ilikuwapo, na kunenepeshwa kulikuwapo. Alipandisha ndoo kichwani, akaondoka bila kuwaaga.

Hakumwambia mama. Mama alikuwa amechoka, tena angemwambia aache upuuzi. Asubuhi alipotumwa kumpelekea baba shati safi, Laurentine alichukua kibakuli cha bati, akakipaka uji uliobaki, akatia na kijiko, akakifunga ndani ya shati. Wagonjwa wote wa hospitali ile waliletewa chakula na ndugu zao, kwa hiyo kibakuli hakingemshangaza mtu yeyote.

Alimkuta baba amelala, midomo imekauka, homa imempotezea fahamu. Aliweka kibakuli kando ya mto wake. Punde muuguzi Kalaba akaja na machela, akakiona.

"Nani amekula uji?"

"Baba," Laurentine alijibu, akitazama sakafu.

"Lakini nilimukataza! Wewe njo umemulisha?"

"Ndiyo."

Kalaba alijaribu kumwamsha Donat amuulize, lakini mgonjwa aliropoka maneno yasiyoeleweka. Muuguzi akatikisa kichwa, akaenda kumweleza daktari. Daktari alikuwa akisafiri mchana ule kwa treni kwenda Kamina kuwatazama wagonjwa wa huko, na mrija wake ulikuwa mmoja tu. Ikaamuliwa kwamba Donat angoje mpaka atakaporudi.

Laurentine alikwenda shuleni akirukaruka njiani. Aliamini kwamba amemwokoa baba yake.

Jioni Donat alipopata fahamu, alisema hakula kitu. Hakuna aliyemsikiliza, kwa maana mtu mwenye homa husahau mengi. Siku zilizofuata tumbo lilizidi kumuuma. Halafu, kabla treni ya daktari haijarudi, likawa gumu kama ubao, na Donat akapiga kelele ambazo mama hakuwahi kuzisikia kwake. Daktari mwingine alikuja mbio, akasema hakuna la kungoja, tumbo lipasuliwe lote saa hiyohiyo.

Mama alikuwa amekimbia kumchukua padri. Laurentine alibaki mlangoni, akimwona Kalaba akimwandaa baba yake. Akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, nilisema bongo, nilidanganya. Haukula uji. Ni mimi nilipaka bakuli. Niliogopa murija. Bombani wanasema ni batumbula, watakunenepesha na kukukula."

Kalaba aliyasikia yote, kitambaa mkononi. Donat alimtazama binti yake. Kisha akacheka kidogo, na kicheko kikamwumiza.

"Mutoto wangu, mimi nimekonda hivi, wangekula nini?" Akamshika mkono. "Usilie. Mama yako nitamwambia mimi mwenyewe nikitoka."

Donat hakutoka hospitalini. Walipompasua walikuta jipu kubwa ndani ya ini limepasuka, na uchafu wake ulikuwa umeenea tumboni kote. Alifariki kesho yake alfajiri.

Matanga yaliwekwa barazani. Cherehani ilisogezwa pembeni, wanawake wakakaa mikekani kumzunguka mama. Laurentine alikaa mbali naye, karibu na ukuta. Neno ambalo baba aliahidi kulisema sasa ilibidi alitamke yeye mwenyewe.

Mama Mwape alikuwa akilia kwa sauti. "Niliwaambia! Hospitali ile iliua Donat! Ile taa yao njo ilimumaliza!"

Wanawake wengine wakaitikia. Mmoja aliyekuwa na mumewe mgonjwa nyumbani alisema kwamba hatampeleka huko tena, hata iweje. Laurentine alimsikia. Alimtazama mama yake, akaogopa kuliko alivyoogopa batumbula. Lakini alisimama.

"Taa haikumugusa baba," alisema. "Ni mimi niliizuia. Nilidanganya kama amekula, na munganga akaenda. Mama, ni mimi."

Wanawake wakageuka kumtazama. Muuguzi Kalaba, aliyekuwa amekuja kuhani, aliinuka kati ya wanaume.

"Mutoto anasema kweli," alisema. "Sitawadanganya hata mimi. Sijui kama Donat angepona. Lakini kwa murija ule tungeona jipu ikiwa bado nzima, na tungejaribu kuitoa. Na mimi pia nilikosea. Nilijua vile watu wa hapa wanaogopa, na sikuuliza mutu hata mumoja anaogopa nini. Mama Mwape, munganga amerudi sasa; na wewe kesho kuja hospitali, nitakuonyesha ule murija. Utaushika na mikono yako." Kisha akamgeukia yule mwenye mume mgonjwa. "Wewe kuja na bwana yako."

Mama Mwape alijifunika uso kwa kitenge. Yule mwanamke aliitikia kwa kichwa.

Mama alikaa akiitazama mikono yake. Mwishowe mama akainua macho yaliyovimba kwa kulia.

"Uliogopa juu ya kumupenda," alisema polepole. "Hiyo ninaielewa. Lakini sikia, Laurentine, na watu wote wa hapa wasikie. Ukiogopa, sema unaogopa. Mutu akisema woga wake, tunaweza kumusaidia. Ukimuficha munganga kweli, unamufunga macho, hata akiwa na taa ya namna gani. Baba yako amekwenda, na hatarudi tena. Itakuuma, na mimi itaniuma."

Laurentine hakujua aondoke au abaki.

Mama alijisogeza kwenye mkeka, akaacha nafasi kando yake.

"Kuja hapa," alisema.