Ugali wa Panya

Asubuhi hiyo Apolinary alikwenda kuokota panya waliokufa, akakuta sahani imeoshwa.

Jioni iliyopita aliiweka chini ya pua ya mtumbwi ikiwa na ugali na dagaa, na ndani yake amechanganya dawa ya pamba, ile sumu ya kunyunyizia mashambani, aliyoletewa na shemeji yake kutoka Bunda. Sasa sahani ile ya bati yenye ua jekundu ilikuwa safi, imefunikwa kifudifudi kwenye nyasi, kama anavyofanya mgeni mwenye adabu akishashiba. Panya hakuonekana, mzima wala mfu.

"Pelagia, umeosha wewe hii sahani?"

"Mimi niguse sahani ya sumu, Baba Marieta? Nina wazimu?" mkewe alijibu.

Mtumbwi wenyewe ulikuwa nyuma ya nyumba yao ya Kigera, umepinduliwa juu ya magogo tangu miaka ile maduka yalipobaki na rafu tupu na nyavu zikawa hadithi. Sasa ulikuwa mwaka themanini na sita. Nyavu zilianza kurudi Musoma mjini, na wanunuzi wa sangara walipita ufukweni wakiuliza nani ana chombo. Apolinary alikuwa nacho. Balaa lilikuwa panya, waliochokoa pamba ya mafuta iliyoziba maungio ya mbao na kuifanya matandiko ya watoto wao. Mtumbwi usio na pamba ni chujio, na yeye hakuwa na mali nyingine, labda umhesabu binti yake wa pekee, Marieta, mtoto wa miaka minne ambaye Apolinary alipenda kusema anampenda kuliko mtumbwi. Kusema hakuna gharama.

Mama yake mzazi, Nyamburi, alipoiona sahani aliketi chini pale pale.

"Uliiweka wapi?"

"Chini ya pua. Ndipo wanapopitia."

"Baba yako alikuwaga anaweka hapo chakula cha mwenye mtumbwi," mama alisema kwa sauti ndogo. "Chombo kikipandishwa nchi kavu, jini aliyemo anapewaga ugali, asifikiri ametupwa. Ule mwaka wa njaa, wewe ulipoacha kumwekea, nilinyamaza, maana hata sisi ugali hatukuwa nao. Amekaa na njaa muda wote huo, Apolinary. Halafu leo unamkaribisha kwa sumu."

"Mama, mimi nililisha panya."

"Panya wanaoshaga sahani?"

Mchana, jua likiwa utosini na nguo zikikauka kambani, walisikia mtu anatapika chini ya mtumbwi. Alitapika, akapumzika, akaguna, akaanza tena. Panya walitoka mmoja mmoja mbele ya macho ya watu, wamebeba watoto wao mdomoni, wakavuka uwanja na kuhama. Apolinary aliinama akakagua maungio, akaona pamba haijaliwa zaidi, na ninasema kwa aibu kwamba alifurahi.

Hakufurahi sana. Harufu ya dawa ya pamba ilitoka chini ya mtumbwi ikaingia kwenye mtungi wa maji, ikatoka mtungini ikaingia kwenye blanketi, na Pelagia akisugua na kuanika na kusugua tena aliikuta imemtangulia kwenye chungu, kwenye chumvi, kwenye rozari yake, hadi siku alipomwinamia mtoto kumsuka nywele akaikuta kichwani mwake, kali, mbichi, na huko nje yule asiyeonekana akiendelea kutapika polepole kama mtu ambaye hakuna wa kumshika mgongo.

Siku hiyo hiyo walimkuta Marieta amelala kifudifudi, anachungulia chini ya mtumbwi.

"Anaumwa tumbo," mtoto alisema. "Anauliza nani alipika."

"Ukamwambiaje?" Pelagia alinong'ona.

"Nimemwambia baba."

Wakamwita mganga Keraryo kutoka upande wa Butiama. Alisimama mbali, akakataa hata kiti.

"Simfukuzi huyu," alisema. "Mmemlisha sumu nyumbani kwake. Mpelekeni na nyumba yake. Sukumeni mtumbwi ziwani, wekeni ugali safi kwenye pua, na mtumbwi usirudi. Ukirudi, na yeye amerudi, na zamu ya kupika itakuwa yake."

Apolinary alilia waziwazi. Pelagia akamshika mkono.

"Mtumbwi utapata mwingine, Baba Marieta. Huyu mtoto hatuna mwingine."

"Najua," alisema, na kweli alijua.

Jioni waliusukuma. Pelagia alipika ugali kwa mikono yake, wakauweka kwenye sahani yenye ua jekundu, na mtumbwi ukaondoka taratibu na upepo. Lakini chini ya maji ilikuwa inaufuata kamba ndefu, ambayo Apolinary aliifunga kwenye jiwe katikati ya matete wakati wanawake wakiwa jikoni. Alijiambia kwamba jini akishakula atashuka zake, na mbao ni mbao tu.

Kulipokucha harufu haikuwapo. Marieta aliamka anacheka. Apolinary akashuka ziwani, akavuta kamba, na mtumbwi ukaja mwepesi, mkavu, kila ungio limejaa pamba. Sahani haikuwamo. Itakuwa imetumbukia, akajisemea, akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Marieta alikuwa amekaa kwenye magogo nyuma ya nyumba, analamba vidole. Alipomaliza aliigeuza sahani yenye ua jekundu, akaifunika vizuri kwenye nyasi.

"Umekula nini?" baba yake aliuliza.

"Ugali na dagaa. Mgeni amepika. Amesema asante umemrudisha."

Kisha akashika tumbo. Ndani ya nyumba Pelagia aliinusa ile harufu kabla hajasikia kitu, akaja mbio.

Walimzika Marieta kesho yake. Pelagia alirudi kwao Suguti na hakuaga.

Mtumbwi ule ulivua sangara wengi, na panya hawakuugusa tena. Kila unapopandishwa nchi kavu, Apolinary hupika mwenyewe, akaweka sahani mbili chini ya pua. Asubuhi huzikuta zimeoshwa na kufunikwa kwenye nyasi, kubwa na ndogo.