Dawa ya Nozeli

Shani hakujua kutulia. Hata akila, mguu wake mmoja ulikuwa umeshatangulia mlangoni. Asubuhi aliiondoa ndoo bombani kabla haijajaa, akafagia uwanja na kuziruka pembe zote, kisha akafika shuleni amesahau ama kalamu ama daftari. Alikuwa darasa la sita, tena hodari wa hesabu, lakini alikosa maswali mengi kwa sababu hakuwa na subira ya kuyasoma mpaka mwisho. Mama yake alisema kwamba mtoto huyo hata usingizi anaulala mbiombio.

Baba yake, Hamidu, alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alikuwa na Noah nyeupe ya kukodisha, gari la zamani lakini lenye afya, na watu wote wa mtaa wao wa Morotonga walimjua kwa alivyolitunza. Kila jioni alifungua boneti, akapima oili, akatazama maji, halafu akawasha injini na kuisikiliza huku ameinamisha kichwa. Shani ndiye aliyemshikia kitambaa, akihamahama kutoka mguu huu kwenda ule.

Petroli Hamidu alinunua mahali pamoja tu, kituo cha Mzee Tamimu kule Mugumu mjini, hata siku ambazo foleni ilitoka mpaka barabarani. Tena mara chache kwa mwaka alitoa kichupa kwenye droo ya gari, akamimina dawa kidogo ndani ya tenki.

"Baba, kwani petroli si petroli tu?" Shani aliuliza siku moja. "Nashoni anauza pale njia panda, na hana foleni."

"Maji ya bomba na maji ya dimbwi si maji yote?" baba yake akajibu. "Mbona ya dimbwi hunywi?"

Shani akacheka. Hamidu akamweleza kwamba petroli hupita kwenye vitundu vidogo sana vinavyoitwa nozeli, na vitundu hivyo hurusha petroli kama mvuke ndani ya injini. Petroli mbaya huacha masizi. Masizi yakijaa, injini hukohoa, hula mafuta mengi na kukosa nguvu. Wauzaji wengine huiwekea petroli yao dawa ya usafi tangu bohari, na asiye na hakika hununua kichupa kama kile.

"Halafu kuna wanaochakachua," aliongeza. "Wanachanganya na mafuta ya taa ili wapate zaidi. Ukitaka kujua, weka tone kwenye kiganja. Petroli safi inakauka mara moja. Yenye mafuta ya taa inabaki inateleza. Na ukimaliza, unawe mikono kwa sabuni."

Shani alisikia yote. Kusikia hakukuwa shida yake.

Wiki hiyo shule nzima ilikuwa haikaliki kwa ajili ya Gati. Gati alikuwa jirani na rafiki wa Shani, msichana mwembamba mwenye miguu mirefu, na katika mbio za mita mia nane hakuna aliyewahi kumwona mgongoni mwa mwingine. Yeye na wasichana wengine wanne walikuwa wamechaguliwa kwenda Tarime kwenye mashindano ya shule za msingi. Huko wangeteuliwa wakimbiaji wa timu ya mkoa. Kwa Gati hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho, kwani mwaka uliofuata angekuwa ameshamaliza shule. Mwalimu Athanas, mwalimu wa michezo, alikodi gari la Hamidu, na Shani akaruhusiwa kwenda kushangilia.

Jioni ya kuamkia safari, Hamidu alikuwa chini ya gari akibadilisha breki, mikono imejaa grisi.

"Shani! Chukua baiskeli na lile dumu. Nenda kwa Mzee Tamimu. Usiende pengine, unanisikia?"

"Nimesikia, baba."

Alipofika kituoni, alivunjika moyo. Foleni ya pikipiki, magari na watu wenye madumu ilikuwa imezunguka jengo. Yasmini, binti aliyejaza mafuta pale, alimpungia mkono kwa mbali, akampa ishara ya kusubiri. Shani akajipanga. Akasimama. Akakaa juu ya dumu. Akasimama tena. Wakati huohuo, nyumbani kwa kina Gati, bibi yake Gati alikuwa anawapikia wakimbiaji kuku na ugali wa mtama, na wasichana wote walikuwa wameshafika huko wakiimba. Shani aliwaza wimbo unaisha, kuku anaisha, na yeye yuko nyuma ya trekta.

Hakuvumilia. Aligeuza baiskeli mpaka njia panda.

Nashoni alikuwa amekaa nyuma ya meza yake yenye chupa za petroli, anatafuna muwa. "Dumu zima? Ninalo," alisema. "Hii hii ni ya Mzee Tamimu, mimi nimekusogezea tu."

Aliporudi nyumbani, baba alikuwa ameondoka kwenda msikitini kwa swala ya Magharibi, na mama alikuwa jikoni. Shani akaweka faneli kwenye mdomo wa tenki, akamimina upesi, mpaka petroli nyingine ikamwagikia kiganjani. Ndipo akakumbuka. Akapuliza mkono, akangoja. Akasugua vidole. Kiganja kilikuwa kinateleza kama kimepakwa mafuta ya kupikia, na kilinuka koroboi.

Angeweza kukaa pale pale kizingitini, baba akirudi amwambie, na watu wazima wangetafuta njia mapema. Lakini angekosa kuku, tena angegombezwa. Akili yake, ambayo ilikuwa na mbio kuliko miguu, ikampa shauri. Kama dawa ya baba inasafisha, basi na isafishe. Akatoa kichupa kwenye droo, akakimimina chote ndani ya tenki, akakirudisha kitupu.

Baba alipotoka msikitini alimkuta anafunga viatu.

"Umepata kwa Mzee Tamimu?"

"Ndiyo, baba."

"Foleni je?"

"Ilikuwa fupi leo."

Kuku alimla, lakini hakusikia ladha yake.

Asubuhi gari liliwaka bila shida, kwa sababu petroli njema ya zamani ilikuwa bado imebaki kidogo kwenye mipira ya kupitishia mafuta. Shani alishusha pumzi. Dawa imefanya kazi, alijiambia. Wasichana waliimba tangu Mugumu, na Gati alikaa karibu na dirisha, viatu vyake vya kukimbilia vimening'inia shingoni kwa kamba. Shani peke yake hakuimba. Kila gari lilipotikisika, alikaza meno.

Walivuka Mto Mara salama. Walipoanza kupanda upande wa pili, injini ikaanza kugonga. Hamidu akainamisha kichwa, akasikiliza. Moshi ukatoka nyuma. Gari likavuta, likasita, likavuta tena kama punda aliyechoka, na walipofika Kewanja, pale ambapo vilima vya mawe ya mgodi vinaonekana juu ya mapaa, likazima. Bahati, mbele kidogo kulikuwa na gereji ya fundi mmoja aliyeitwa Waitara. Walisukuma wote, Mwalimu Athanas na tai yake.

"Shikamoo, mzee," Waitara alimwamkia Hamidu. "Imefanyaje hii?"

"Marahaba. Inamisi, moto unakatikakatika, haina nguvu, halafu imezima. Petroli ni nzuri, hilo nakuhakikishia. Labda plagi."

Petroli ni nzuri! Shani alitazama chini. Kwa sababu ya neno hilo, mafundi wakaanza kutafuta ugonjwa mahali ambapo haukuwepo. Wakafungua plagi, wakazisugua, wakazirudisha. Wakapuliza chujio. Wakakagua nyaya moja moja. Jua lilipanda. Kila walipopiga stata, wasichana walisimama, na kila injini ilipokataa, walikaa tena. Mwalimu Athanas alipiga simu Tarime mara kwa mara, akirudi uso umekunjamana zaidi. Hakukubali kuwapakiza watoto wa watu kwenye bodaboda kwa safari ile ndefu.

Gati alikwenda na kurudi mbele ya gereji, akishika viatu vyake kwa mikono miwili.

"Shani, tutafika?"

"Tutafika," Shani alijibu bila kumtazama.

Mwishowe Waitara alichomoa mpira wa petroli, akakinga kidogo kwenye kiganja, akangoja. Akanusa. Akatikisa kichwa.

"Mzee, umeuziwa mafuta ya taa hapa. Kiganja kinateleza utadhani nimeshika kambare."

Hamidu naye akajaribu, uso ukamwiva. Alifungua droo kutafuta dawa yake, akakuta kichupa kitupu, lakini hasira ilikuwa imeshampanda na hakuuliza. Alitoa simu.

"Mzee Tamimu! Miaka yote hii sijaenda kwa mwingine, leo unanifanyia hivi? Nina watoto wa shule barabarani! Jana jioni aliyekuwa anajaza ni nani?"

Sauti ya Mzee Tamimu ilisikika hata nje ya simu, kwa maana alikuwa mtu wa kuzungumza kwa kelele. "Alikuwa Yasmini! Kama amechezea mafuta yangu, leo hii hii anaondoka! Sitaki kumwona!"

Akilini Shani alimwona Yasmini wa jana akimpungia mkono juu ya foleni. Miguu yake, ambayo siku zote ilitaka kukimbia, safari hii ilitaka kukimbia kweli, ishuke bondeni mpaka mtoni isirudi. Badala yake ikampeleka mbele ya baba.

"Baba, si Yasmini!" alipaza sauti, machozi yakamtoka. "Sikununua kituoni. Nilichoka kungoja, nikaenda kwa Nashoni. Nikajua ina mafuta ya taa, ilinitelezea mkononi. Nikaweka dawa yako yote ili isafishe. Nikakudanganya. Ni mimi."

Hamidu alimtazama mwanawe, kisha akarudisha simu sikioni.

"Mzee Tamimu, nisamehe. Kosa liko nyumbani kwangu. Yasmini hana kosa lolote. Tafadhali mwombe radhi kwa niaba yangu, na mimi nitakuja mwenyewe."

Gati alimgeuzia Shani mgongo, na huo mgongo ulimuuma Shani kuliko fimbo.

Sasa ugonjwa ulikuwa umejulikana, na kazi ikawa nyepesi. Waitara aliwafukuza wavuta sigara wote, akatoa petroli yote ndani ya tenki, akasuuza, akasafisha plagi upya. Kijana wake akatumwa kituo cha mafuta kuleta petroli safi. Hakuna aliyemwita Shani, lakini alikwenda akashika beseni, akalishika bila kulitikisa mpaka tone la mwisho, kisha petroli ile mbaya ikajazwa kwenye dumu la gereji. Stata ilipopigwa, injini iliguna, ikakohoa, kisha ikanguruma.

"Mngesema mapema, mura," Waitara alimwambia Shani, akisahau kwamba neno hilo la Kikurya ni la wavulana, "saa hizi mngekuwa mnakula maandazi Tarime."

Walipoingia uwanjani Tarime, mbio za mita mia nane za wasichana zilikuwa zimekwisha. Gati alikaa chini kwenye nyasi na kulia kwa sauti. Mwalimu Athanas alikimbia kwa waandaaji, akaomba, akabembeleza, akaeleza, mpaka wakamkubalia amwingize kwenye mita elfu moja na mia tano, mbio ambazo Gati hakuwahi kuzifanyia mazoezi. Alikimbia macho yakiwa mekundu. Mzunguko wa mwisho alikuwa wa sita. Shani alipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Gati akampita mmoja, akampita wa pili, na karibu kabisa na utepe akampita wa tatu. Watatu wa kwanza ndio waliochukuliwa timu ya mkoa, naye akawa wa tatu.

Hata hivyo, mbio zake mwenyewe, zile alizozipenda, alizikosa, na hilo hakuna aliyeweza kulirudisha.

Wakati wa kurudi walisimama Kewanja kumshukuru Waitara. Hamidu alimwita Shani pembeni ya gari, akaweka kichupa kile kitupu mkononi mwake.

"Mwanangu, dawa hii ni nzuri. Inasaidia kuitunza safi injini inayokula petroli njema. Lakini hata ungemimina katoni nzima, haigeuzi mafuta ya taa kuwa petroli. Na maneno matamu ni hivyo hivyo. Ukiwa na ukweli, 'nisamehe' yako inasafisha. Ukiimimina juu ya uongo, inapotea bure. Leo umesema kweli ukiwa umechelewa, lakini umesema, na binti wa watu hakupoteza kazi. Kesho tutamrudishia Nashoni lile dumu la petroli yake mbaya, mbele ya wateja wake. Sasa nenda ukaseme na Gati."

Shani alikwenda. Hakutafuta maneno mengi. "Gati, nilikukosesha mbio zako. Nisamehe."

Gati akasogea kidogo kwenye kiti, akapiga mahali palipobaki wazi kwa kiganja. "Kaa," alisema. "Lakini mia nane utanilipa. Kila asubuhi utakimbia na mimi, mpaka niende kambi ya timu ya mkoa."

Wiki iliyofuata Shani alikuwa tena kituoni kwa Mzee Tamimu, na dumu lake, nyuma ya lori na pikipiki zisizo na idadi. Nashoni alikuwa amehamisha meza yake tangu siku aliporudishiwa dumu lile. Jua lilikuwa kali, foleni haikusogea, na miguu ilimwasha kweli kweli. Yasmini alimpungia mkono kwa mbali. Shani naye akampungia, akakaa juu ya dumu, akangoja zamu yake.